Chini ya Yadi Nne

Delbert Wojtala hakuwa na mke, maana Bernadine alikwisha kufa miaka minne nyuma. Hakuwa na goti la kulia la kutegemea. Hakuwa na kazi, kwa sababu kiwanda cha vioo alichokitumikia miaka thelathini na mmoja kilihamia Meksiko bila hata kumuaga. Hakuwa na mbwa, wala simu yenye kulia, ukiwatoa watu wa bima. Hakuwa na ubingwa wa kujivunia, kwani timu yake, Wapuliza Vioo wa Toledo, haikuwahi kuleta nyumbani kikombe, sahani wala kijiko. Na zaidi ya hayo yote, hakuwa na shaka. Angekuwa nayo kidogo tu, hata ya kuazima, yasingemkuta yaliyomkuta.

Alichokuwa nacho ni daftari kumi na nne za hesabu za wachezaji, cheti cha takwimu alichokisomea usiku kwa majira sita ya baridi akiwa mtu mzima wa miaka hamsini na ushee, na Ijumaa. Kila Ijumaa ya Kwaresima, tangu saa tisa alasiri hadi saa moja jioni, Delbert alisimama mbele ya karai kubwa katika ukumbi ulio chini ya kanisa la Mtakatifu Odilia, akiwakaangia samaki wa ziwani watu wa upande mzima wa mashariki ya mji. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na tisa. Siku nyingine angeweza kuanguka bafuni na asijulikane hadi kodi ya nyumba ipite. Ijumaa, akichelewa dakika tano tu, watu mia tatu waliuliza yuko wapi. Kwaresima ina Ijumaa saba. Delbert aliziishi hizo saba, na siku zilizobaki alizipitisha tu.

Mwaka huu wa habari hii, Wapuliza Vioo walitangaza kwamba wanajijenga upya. Hakuna aliyeshtuka. Timu hiyo ilikuwa imejengwa upya mara tatu ndani ya miaka kumi na miwili, na kama ile barabara kuu inayopita katikati ya mji, hakuna aliyewahi kuiona imekwisha. Safari hii aliletwa meneja mkuu wa miaka thelathini na sita, mwenye viatu vyeupe na miwani isiyokuwa na fremu, akaomba subira ya miaka minne. Aliomba kwa adabu, kama mtu anayeomba chumvi mezani.

Kitu cha kwanza alichokitazama ni Jarvell Oakes, mkimbiaji namba 28. Kazi ya mkimbiaji katika mchezo huu, mpira wa Kimarekani, ni kupewa mpira mkononi na kujitupa nao katikati ya wanaume kumi na mmoja ambao kila mmoja ana uzito wa jokofu, na hupimwa kwa yadi anazosonga mbele. Oakes alikuwa ameifanya kazi hiyo Toledo kwa miaka saba, akavunjika mbavu mbili na kidole kimoja, na hakuwahi kusema neno baya juu ya mji ule, jambo ambalo hata wenyeji hawakuliweza. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minane. Kwa mkimbiaji, huo ni uzee.

Aliyeutangazia mji uzee huo ni Delbert. Alikuwa na mazoea ya kuandikia gazeti la Jumapili, ukurasa wa michezo, na gazeti lilikuwa na mazoea ya kuchapa, kwa kuwa barua zake zilikuwa na majedwali na zilijaza nafasi. Barua yake ya mwisho ilisema hivi: "Mkimbiaji aliyepita miaka ishirini na saba ni maziwa ya jana, bado ni meupe, ila usiyanuse. Msimu huu Oakes amebeba mpira mara 240 na kupata yadi 956. Hiyo ni chini ya yadi nne kwa kila mbio, mara ya kwanza katika maisha yake. Timu inayojijenga haitunzi kumbukumbu. Auzwe angali na jina."

Jumatano iliyofuata akauzwa. Katika ligi hii mchezaji haulizwi. Anaamka akiwa wa Toledo, na kabla kahawa haijapoa amekuwa wa Portland. Wakata Mbao wa Portland walimchukua Oakes, na Toledo ikapewa haki ya kuchagua kijana mmoja wa chuo kikuu katika raundi ya tatu ya uteuzi wa wachezaji wapya, na mwingine katika raundi ya tano mwaka utakaofuata. Yaani mtu mzima aliyeonekana kwa macho alibadilishwa na vijana wawili wasiojulikana, na mmoja wao huenda wakati ule alikuwa bado anarudia mtihani wa kemia.

Ijumaa ile jikoni pa Odilia palikuwa kama msibani, isipokuwa penye karai. Delbert aliingia akiwa amenyoa vizuri. Ferris Haddad, rafiki yake wa miaka arobaini, aliyekuwa na duka la matairi kabla ya kustaafu, alikuwa tayari anakata kabichi za kachumbari huku amevaa jezi ya Oakes juu ya sweta na aproni juu ya jezi. Aliikata kabichi kana kwamba ndiyo iliyosaini mkataba.

Mji ule una desturi yake. Mchezaji akiondoka, jezi haichomwi moto kama wafanyavyo watu wa Cleveland. Unabandika mkanda wa gundi juu ya jina lake mgongoni, na juu ya mkanda unaandika jina la mrithi wake. Jezi ya Delbert ya namba 12, ya mrushaji wa mpira, ilikuwa na matabaka matano ya mkanda, kama ukuta wa nyumba ya kupanga. Kwa hiyo alikuja na mkanda mfukoni, mpya kabisa, akauweka mezani kando ya kabichi za Ferris.

Ferris aliutazama mkanda, akaendelea kukata.

"Mrithi nani, Profesa?" akauliza baadaye. Alimwita Profesa tangu ile siku ya cheti, na kwa miaka ishirini hawakuwahi kukubaliana kama ni sifa au tusi.

Delbert alisema mrithi bado hajachaguliwa.

"Basi niandike nini? Raundi ya Tatu?"

Wote jikoni wakacheka, hata Padri Ikenna, aliyekuja kuonja viazi. Padri alitoka Enugu miaka minne nyuma akapewa parokia mbili kwa mpigo, Mtakatifu Odilia na Mtakatifu Valburga, kwa sababu mapadri nao walikuwa haba kama wakimbiaji. Yeye alikuwa na mpira wake wa kwao, ule unaochezwa kwa miguu, na mchezo huu aliutazama kwa heshima ile ile aliyo nayo mtu akitazama dini ya jirani.

Mjadala ulidumu sahani mia mbili. Ferris alidai kwamba mtu hapimwi kwa yadi peke yake. Kwamba Oakes ndiye aliyewafanya watoto wa shule ya Odilia wapende kwenda uwanjani katika baridi ya Desemba kutazama timu ikifungwa. Kwamba alikuwa mwaminifu. Delbert alimjibu huku akigeuza samaki, bila kupandisha sauti, kwamba uaminifu hauna safu katika jedwali. Mapenzi ya watazamaji hayana safu. Uzoefu unayo safu, na safu yake inashuka. Alitaja wakimbiaji tisa waliobembelezwa na timu zao hadi wakaanza kuanguka wenyewe bila kusukumwa.

"Na hao vijana wako watakomaa lini?" akauliza Ferris.

"Miaka mitatu. Minne ukitaka uhakika."

"Una miaka sabini na mitatu, bwana. Na moyo wako una betri."

"Timu haijengwi kwa ajili yangu."

"Hilo tumeliona," akasema Ferris, na akaupeleka mkanda wa gundi kwa ncha ya kisu hadi pembeni mwa meza, ukaanguka.

Delbert alirudi nyumbani jioni ile ameshinda, na alilala vizuri.

Jumatatu saa nne asubuhi kulikuwa na kikao cha kamati ya samaki. Mwenyekiti alikuwa Bi Lorraine Gadomski, karani mstaafu wa shule, mama mwenye sauti laini na kumbukumbu ya kutisha. Palikuwa na kahawa na donati. Delbert alichukua ya jamu, akakaa kiti chake cha siku zote. Bi Lorraine alifungua kwa sala, kisha akamgeukia na kusema kwamba kamati nzima ina heshima kubwa mno kwa yote aliyoifanyia parokia hii.

Delbert akaitua donati. Sauti ile aliijua. Ndiyo sauti aliyoitumia yule meneja mwenye viatu vyeupe kwenye televisheni, Jumatano.

Bi Lorraine alikuwa na karatasi. Mwaka uliopita, alisema, karai la Odilia lilitoa sahani 140 kwa saa. Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima hii lilitoa 118. Mkaangaji aliketi kwenye kigoda mara tatu, mara mbili kati ya hizo foleni ikiwa imefika mlangoni. Wakati huohuo, kule Mtakatifu Valburga, maili tatu magharibi, mkaangaji wao amehamia Florida kwenda kukauka juani, na hawana mtu. Ila wana vijana wawili, mtu na binamu yake, mmoja miaka thelathini na mmoja, mwingine ishirini na sita, wenye migongo mizima, ambao kule wanapanga viti tu. Kwa hiyo kamati imefanya mazungumzo na kamati ya Valburga. Valburga watatoa binamu wawili, pamoja na ahadi ya karai la umeme mwakani, wakifanikiwa kulinunua. Odilia watatoa Delbert.

"Tunajijenga, Delbert," akasema. "Nadhani wewe kuliko mtu yeyote utatuelewa."

Halafu akatoa mfuko wa plastiki, na ndani yake kulikuwa na barua ya gazetini, imekatwa kwa mkasi kwa unadhifu wa karani. Akaisoma yote, polepole. Alipofika kwenye maziwa ya jana, mtu mmoja alikohoa. Alipofika kwenye "auzwe angali na jina", aliukunja mfuko wake.

Delbert alifumbua mdomo. Alitaka kusema kwamba amekuwa mwaminifu; akakumbuka kwamba uaminifu hauna safu. Alitaka kusema kwamba watu wanampenda. Hilo nalo alikuwa amelizika Ijumaa, kwa sauti ya upole, akiwa na kijiko cha matundu mkononi. Uzoefu je? Safu yake inashuka. Kila mlango aliougusa alikuta amekwisha kuupigilia misumari mwenyewe, na misumari ilikuwa mizuri.

"Sema kitu, Profesa," akanong'ona Ferris. "Mimi Ijumaa nilikuwa na hoja nzuri sana. Nakuazima."

"Hoja zako zilikuwa za moyo."

"Ndiyo. Nakuazima hizohizo."

Delbert hakuazima. Kura zikapigwa, saba kwa moja. Mkono mmoja uliokataa ulikuwa wa Ferris, na aliuacha juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Padri Ikenna, ambaye hakupiga kura, alimfuata Delbert hadi kwenye koti lake na kumshika bega. Kwa moyo mweupe kabisa akampongeza. Alisema ameishi hapa miaka minne na amejifunza kwamba watu wa nchi hii, wakimthamini mtu kwelikweli, humbadilisha na watu wawili.

Jumanne Delbert hakutoka. Jumatano hakutoka. Alitengeneza jedwali la mambo yenye kukubali na yenye kukataa kwenda Valburga, akagundua kwamba safu ya kukubali ina mstari mmoja tu, nao ni "Ijumaa". Aliukata. Baadaye akauandika tena. Si kwamba aliwachukia watu wa Valburga, hakuwajua. Lakini kwa miaka ishirini na tisa aliwajua kwa jina moja tu, wale wa samaki laini, yaani waliolegea kama uji, na jina hilo alilibuni mwenyewe.

Alhamisi asubuhi gazeti lilikuwa na ukurasa mzima wa Oakes. Wachezaji wakubwa wakiuzwa hufanya hivyo: hununua ukurasa na kuuaga mji. Kwa kawaida maneno huandikwa na wakala wao, na kwa kawaida mashabiki ni wa pekee duniani, kama walivyokuwa wa pekee duniani katika mji uliotangulia. Delbert alianza kuusoma kwa kalamu nyekundu, kutafuta makosa.

Huu ulikuwa tofauti. Oakes alimshukuru mlinzi wa lango C kwa kumwekea kiti siku alipoumia mbavu. Alimshukuru mama mfua jezi. Aliwashukuru watoto wa Odilia waliokuja Desemba. Na karibu na mwisho, kwa herufi zilezile, palikuwa na haya: "Nawashukuru pia walioandika kwamba nimezeeka. Niliwasoma. Kwa bwana wa Jumapili mwenye majedwali: mchezo wa tarehe kumi na saba Novemba nilipata yadi 112, si 102. Nakumbuka kwa sababu ndiyo siku ya mbavu."

Delbert aliweka kalamu chini. Kisha alikwenda kabatini akaitoa daftari ya kumi na nne. Ukurasa wa Novemba, kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wake mwenyewe, wakati ule mchezo ukiendelea mbele ya macho yake: 112. Kwenye nakala ya jedwali alilolipeleka gazetini, kwa wino mwekundu, mwandiko uleule: 102. Hakukuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba wa kumsingizia.

Akafanya hesabu. Yadi 966, gawanya kwa 240. Akaifanya kwa mkono, kwa kikokotoo, na tena kwa mkono, kwa kuwa kikokotoo nacho kinaweza kuwa na siku mbaya. Jibu lilikuwa lilelile: nne, nukta sifuri mbili tano. Oakes hakuwahi kushuka chini ya yadi nne. Alikuwa amekaa juu ya mstari kwa unene wa karatasi, mbavu zikiwa zimevunjika, na Delbert ndiye aliyemsukuma chini kwa kalamu. Meneja hakusoma barua ya Delbert. Hilo alilijua, hakuwa mpumbavu. Lakini mji ulisoma. Kinyozi alisema "chini ya yadi nne". Redio ilisema "chini ya yadi nne". Siku tatu kabla mtu hajauzwa, mji ulikuwa umekwisha kumtoa moyoni kwa namba ya Delbert.

Aliketi. Na alipokuwa ameketi, akaikumbuka ile 118. Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima samaki walikuja wamegandiana kama matofali. Walisubiri dakika arobaini ukumbini, karai likiwaka bure, ndipo wakaachana. Ondoa dakika hizo, hesabu upya, na sahani kwa saa ni zaidi ya mwaka jana. Alikuwa na uthibitisho. Risiti ya mwenye samaki ina saa. Akasimama, akavaa kofia, akachukua ufunguo wa gari ili akamwonyeshe Lorraine.

Alifika hadi kwenye gari, akaingia, akafunga mkanda. Hakuwasha. Aliwaza jinsi Lorraine atakavyoisoma risiti kwa sauti ile laini, na jinsi atakavyosema kwamba hata hivyo kigoda ni kigoda. Akawaza kwamba Oakes, mwenye namba iliyo kweli na ukurasa mzima mkononi, hakuomba kurudishwa. Alisahihisha tu, akapanda ndege. Baridi ya Machi ilipopenya kwenye viatu vyake, Delbert alirudi ndani, akaipiga pasi suruali yake ya jikoni.

Ijumaa saa nane na nusu alikuwa Valburga. Ukumbi wao ulikuwa mdogo, dari ya kuinama, na karai lenyewe lilikuwa sufuria la chuma lenye umri wa mapapa wanne. Palikuwa na wanawake sita, na mkubwa wao, Bi Ottilie Krebs wa miaka themanini na mmoja, alimtazama kuanzia kofia hadi goti.

"Wewe ndiye uliyetuita wa samaki laini," akasema.

Delbert alikiri.

"Walikuwa laini," akasema Bi Ottilie, na akampa aproni.

Kifuani pa aproni palikuwa na mkanda wa gundi, na juu yake, kwa kalamu nene, DELBERT. Kona moja ya mkanda ilikuwa imeinuka. Akaona chini yake kuna mkanda mwingine, na chini ya huo, mwingine. Aliuliza.

"Chini yako Harold, aliyekwenda Florida," akasema Bi Ottilie. "Chini ya Harold ni Clarence. Chini ya Clarence ni mume wangu. Usiikune hiyo kona, itakuwa mbaya zaidi."

Hakuikuna. Alilionja rojo lao la unga, akalimwaga kwa adabu, akakoroga lingine kwa bia baridi. Sufuria lilikuwa halitabiriki, upande wa kushoto moto kuliko wa kulia, na aliunguza vipande kumi na viwili vya kwanza. Wanawake sita walikula hivyo vilivyoungua hadi vikaisha, na hilo lilimtia aibu kuliko kama wangemcheka. Saa kumi na moja foleni ilifika ngazini. Hakuna aliyemhesabia sahani. Kulikuwa na kigoda, na Bi Ottilie mwenyewe ndiye aliyekisukuma kwa mguu hadi nyuma ya magoti yake, kisha akaendelea na viazi.

Saa kumi na mbili akaingia Ferris, ndani ya jezi ya Oakes isiyo na mkanda, akiwa na sahani mkononi kama shabiki aliyesafiri kuifuata timu ugenini. Aling'ata kipande cha kwanza akiwa amesimama.

"Nipe habari," akasema Delbert, bila kugeuka.

Ferris alimpa. Binamu wawili wana migongo mizuri sana. Wamebeba kila kilichobebeka. Samaki wao ni mkaa nje na barafu ndani. Mzee mmoja wa kwaya amepoteza jino la kuweka. Foleni ilifika mlangoni, halafu ikaendelea kutoka, ikapanda magari, na nusu yake imeegesha hapo nje sasa hivi.

"Lorraine anasemaje?"

"Anasema tuwe na subira. Ni mwaka wa ujenzi."

Delbert aligeuza samaki watatu kabla ya kucheka, na alipocheka ilibidi ashike ukingo wa meza. Ferris alingoja amalize, kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba Lorraine amemtuma aulize, bila kuuliza, kama kwa Ijumaa Kuu Delbert anaweza kupatikana.

Delbert aliopoa kipande kingine kutoka mafutani. Kwa kweli alilitaka karai lake. Aliijua sauti yake, alijua lini linadanganya. Alikuwa bado analitafuta jibu pale Bi Ottilie alipopita katikati yao na trei ya pierogi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi.

"Mwambie Lorraine hatuuzi," akasema, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi Delbert aliketi meza ya jikoni. Barua ya gazeti aliimaliza kwanza, nayo ilikuwa fupi na haikuwa na jedwali: namba ilikuwa 112, kosa lilikuwa la mwandishi, na Oakes hakuwahi kushuka chini ya yadi nne. Wangechapa wakipenda. Ya pili ilimchukua hadi saa sita mchana, na karatasi nne zilikwenda kwenye ndoo.

"Bwana Oakes," aliandika. "Mimi ndiye wa majedwali. Daftari ilikuwa sahihi na mimi nilikosea kuinakili, kwa hiyo usiilaumu daftari. Sijabadili mawazo yangu kuhusu raundi ya tatu. Bado naona meneja alipata bei nzuri, na naona ni haki nikuambie hivyo nisije nikaonekana najipendekeza. Lakini nilikuita maziwa ya jana, na hesabu haikunituma kusema hivyo. Hilo lilikuwa langu. Huenda ukapenda kujua kwamba siku tano baada yako nami niliuzwa, nikaenda Valburga, kwa vijana wawili na karai ambalo halijazaliwa. Walinihesabu siku ambayo samaki waligandiana. Nina risiti. Nimeamua kutompelekea mtu, ila nakutajia wewe, kwa kuwa utaelewa. Sufuria la huku lina moto kushoto kuliko kulia. Natumaini la kwako ni afadhali. Mbavu zako zinaendeleaje?"

Aliisoma mara mbili, akakagua tarehe na kila namba dhidi ya daftari, ingawa namba zilikuwa chache. Akaandika anwani ya uwanja wa Wakata Mbao, Portland. Akailamba bahasha, akaifunga, akaipitisha ngumi yake juu ya gundi mara mbili. Kisha akatoka bila koti hadi kwenye sanduku la barua lililo mbele ya nyumba, akaziweka bahasha mbili ndani, ya Portland juu, na akainua kile kibendera chekundu cha kuonyesha kwamba ndani kuna barua za kuchukuliwa, ili mtu wa posta asipite.